Jogoo wa Chini ya Maji

Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kumjulia mtu hali, Nesi alifungua dirisha la jikoni kwake akapaza sauti uwanjani:

"Jogoo anaonekana?"

Yeyote aliyekuwa karibu na bwawa, awe anaanika nguo au anapiga mswaki, alitakiwa kuacha shughuli yake, apande ngazi ya chuma, achungulie majini na kujibu. Ndiyo au hapana hazikutosha. Nesi alitaka ripoti kama ya wodini. Mkia? Kilemba? Mdomo? Jicho?

Jogoo mwenyewe alikuwa mchoro kwenye sahani ya bati, nyeupe yenye ukingo wa buluu, zile sahani ambazo zamani kila nyumba ya Bondeni ilikuwa nazo za wageni. Nesi aliilaza sakafuni mwa bwawa, katikati kabisa, juu ya kipande cha kandambili ili bati lisikwaruze plastiki. Jicho la jogoo lilikuwa nukta nyeusi isiyozidi punje ya mtama. Sheria ilikuwa moja, na haikuwa na mjomba wala shangazi. Jicho likionekana ukiwa umesimama kwenye ngazi, watu wanaingia. Lisipoonekana haingii mtu, hata awe askofu.

Mimi ni fundi wa cherehani na baraza langu linatazamana na bwawa hilo, kwa hiyo mara nyingi aliyejibu alikuwa mimi, pini zikiwa bado mdomoni. Sasa dirisha lile limefungwa. Lakini asubuhi shingo yangu bado hugeuka yenyewe kulitazama, na nimeona niandike habari za Nesi kabla shingo haijasahau.

Watu wa nje wakisikia kwamba Bondeni kuna bwawa la kuogelea hucheka. Nyumba zetu ni zile za zamani za kanso, za baraza la mji, mistari kwa mistari, na katikati ya mistari ni uwanja wa kamba za nguo. Bwawa halikuchimbwa. Lilisimama juu ya ardhi kama sufuria kubwa: duara la fremu ya chuma lililovalishwa plastiki nene ya buluu, likimfikia mtu mzima kifuani, na pampu yake ndogo ikinguruma pembeni. Nesi alilipata kwenye loji moja ya kando ya ziwa, iliyofungwa baada ya ziwa kupanda na kuingia vyumbani.

"Wale walipata maji mengi kuliko waliyoagiza," alisema. "Mimi nikachukua chombo tu."

Lilikuja kwa mkokoteni, limekunjwa kama godoro, na mtaa wote ukajua ni tangi la kuuzia maji. Tulianza kupanga mitungi.

Kumbe lilikuwa la magoti yake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amesimama wodini, na magoti yalistaafu kabla yake. Daktari alimwambia atembee ndani ya maji kwa sababu maji hubeba uzito wa mtu. Basi akajaza bwawa kwa mvua ya masika iliyoshuka kwenye mabati yake, akaongezea maji ya kisima, akaingia na gauni la kulalia, akaanza kuzunguka. Alizunguka akiwa ameshika ukingo kwa mkono mmoja, makini kama askari wa benki, na kwa mkono wa pili akisalimia wapita njia.

Mama Githeri ndiye aliyemuuliza kwanza. Huyu ni jirani yetu wa mlango wa tatu, na jina lake limetokana na sufuria ya mahindi na maharagwe ambayo hulisha nusu ya mafundi wa mtaa huu.

"Nesi, sasa huko unafanya nini?"

"Natembeza magoti."

"Na sisi wenye tuko na magoti na hatuna bwawa?"

"Kwani umeona nimeweka geti? Kuja na magoti yako."

Mama Githeri akaenda na magoti yake, halafu wakaja wengine, wamathe, yaani akina mama wa mtaa, wauza viazi, wauza mitumba, na nyanya mmoja aliyekuwa hajalowa zaidi ya kifundo cha mguu tangu ujana wake. Wakanijia mimi niwashonee nguo za kuingilia majini, za heshima, zisizochora mwili. Nilishona gauni la kwanza kwa kitambaa cha bitana, pana, kama kanzu ya kwaya. Mama Githeri alishuka nalo ngazi kwa madaha. Alipofika kiunoni, hewa ikaingia ndani ya gauni, likavimba, likapanda, likamfunika masikio kama mwavuli. Nesi alicheka mpaka akashika fremu na bwawa zima likatikisika.

"Fundi! Umemshonea mama wa watu parachuti!"

Niliyashona upya yote, nikatia mpira magotini. La Nesi nililishona mwisho, kwa kitambaa cha zambarau alichokichagua mwenyewe. Alilivaa akasimama uwanjani, akauliza kila mtu kama limemkaa. Wote walisema limemkaa sana, amekuwa msichana. Akanigeukia mimi niliyelishona.

"Halijakukaa," nikamwambia. "Kwapa nimekosea. Likilowa litakubana."

Kisha akalivua hapo hapo juu ya nguo zake, akanitupia. "Huyu," akawaambia wale wengine akininyooshea kidole, "huyu ningempatia wodi." Kuanzia siku hiyo jibu langu kuhusu jogoo ndilo lililohesabika. Wengine waliendelea kuulizwa, lakini mwishoni aliongeza: "Na Fundi anasemaje?"

Adui wa Nesi vitabuni huitwa mwani. Yeye alimwita Kijani, kama jina la mtu, na alimzungumzia kama jirani aliyehamia bila kulipa kodi.

Kijani alipenda ile miezi ya jua kali kabla ya mvua ndefu. Alipenda pia vumbi la jioni, maua ya mijakaranda yaliyopeperuka kutoka barabarani yakaozea majini, na mafuta ya nywele ya wamathe. Jioni ungeacha maji yanang'aa. Asubuhi unagusa ukuta wa plastiki na vidole vinateleza kama kwenye mrenda. Kesho yake jogoo amepoteza jicho. Keshokutwa amebaki mkia, na maji yote yamekuwa rangi ya sukuma iliyosagwa.

Hapo ndipo Nesi alipoamka kweli. Nasema ukweli, sijawahi kumwona mtu akifurahia adui namna ile. Alitoka na aproni, amekunja mikono, akazunguka bwawa akilihoji.

"Jana jua lilichoma mpaka saa ngapi? Pampu ililala? Nani aliingia na mafuta kwa kichwa? Sema ukweli, sikuchapi."

Alichovya karatasi ndogo ya kupimia majini, akaishika kwenye mwanga, akalinganisha rangi zake na zile za kwenye kopo. "Ni kama kupima mkojo tu," alisema. "Tofauti ni kwamba huyu mgonjwa hawezi kukuambia ati hajala."

Halafu zikaja amri. Kwanza alisema, "Tunashusha," na akamwaga majini unga mweupe aliouyeyusha ndani ya ndoo. Pili, brashi. Wote waliokuwa na mikono walipewa brashi, wakasugua kuta na sakafu mpaka Kijani akatoka alikojishika na maji yakawa machafu zaidi kuliko mwanzo. "Dawa bila brashi ni maombi bila kazi," alituambia, na mchungaji wetu alipolisikia neno hilo alilichukua akalihubiri Jumapili bila kusema amelitoa wapi. Tatu, klorini, nayo jioni tu, jua likishashuka, kwa sababu jua huila. Aliitia kwenye ndoo yenye maji tayari, kamwe hakumwaga maji juu ya dawa, na ukikosea mpangilio huo alikupiga kofi la mkono kabla hujamaliza kukosea. Kisha pampu ikazunguka usiku kucha.

Asubuhi maji hayakuwa ya kijani tena. Yalikuwa ya kijivu, mazito, kama maji yaliyooshewa mchele. Mara ya kwanza tuliyaona tukapiga kelele kwamba ameyaharibu.

"Hiyo ni maiti," Nesi alisema akitabasamu. "Kijani amekufa. Sasa tunazika."

Kuzika kulikuwa kusafisha chujio la pampu, tena na tena, na kufyonza uchafu wa sakafuni kwa mpira wa maji mpaka mtaroni. Kidogo kidogo ukingo wa buluu wa sahani ukajitokeza. Kisha mkia. Kisha kilemba chekundu. Watu wakaanza kuacha kazi zao na kuja kusimama kwenye ngazi kwa zamu. Wanaume waliokuwa wakicheza drafti wakaacha mchezo. Na jicho lilipoonekana, uwanja mzima ulipiga kelele kana kwamba timu imefunga bao, na mimi nilijikuta nikipiga makofi na mkasi mkononi.

Alikuwa na kasoro, na singemtendea haki nikizificha. Alitoa amri, sababu hakutoa. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Ukimaliza kusugua nitakuambia," na ukimaliza alikuwa tayari kwenye amri nyingine. Alipiga kelele hata kwenye jambo la kunong'ona. Na huyu aliyemkataza Mama Githeri sukari kwenye chai, aliyemfuata mpaka kibandani kuhesabu vijiko, alikuwa mwenyewe na kisukari na mandazi ameyaficha kwenye kabati la pamba na bandeji. Nilimfumania siku moja nilipompelekea gauni.

"Nesi, na hiyo?"

"Hii ni sampuli," alisema, na akaimeza.

Lakini alipokuwa na kosa la mbele za watu hakulificha. Kuna jirani alikwenda kulalamika kwamba bwawa linazaa mbu, na Bwana Afya akaja, kijana nadhifu, amejiandaa kwa vita. Asubuhi hiyo jogoo alikuwa mkia mtupu.

"Umekuja siku nzuri, boss," Nesi alimwambia. "Leo ni chafu. Andika. Hapa hakuna mtu anaingia mpaka jicho lionekane."

Yule kijana hakujua afanye nini na hoja zake zote. Akaandika. Nesi mwenyewe akafunga kamba kwenye ngazi. Maji yalipong'aa alimtumia ujumbe aje kuthibitisha, naye akaja, akavua viatu, akapanda, akachungulia kwa makini sana. "Jicho nimeliona, mathe," akasema, na usoni alikuwa mtoto kabisa. Baadaye alimleta mama yake mzazi, mwenye magoti.

Jambo moja lilinitatiza kwa muda mrefu. Nesi aliyetufundisha kuelea, aliyetushika shingo na kutuambia "Mwachie Mungu kichwa," yeye mwenyewe hakuwahi kutia uso majini. Alitembea amenyanyua kidevu kama kuku anayemeza maji. Tone likimrukia shavuni alilifuta upesi. Tulidhani anachunga nywele.

Siku moja tulikuwa wawili tu, yeye majini, mimi nikipunguza pindo la gauni lake jipya kando ya ngazi. Bila kuulizwa akaanza kusema. Alipokuwa bado mgeni kazini waliletewa mtoto aliyetolewa kwenye timbo, shimo la kuchimbia mawe, lililojaa maji ya mvua. Maji yalikuwa ya kijani. Watu wazima walikuwa wamesimama humo ndani, wengi, wakimtafuta kwa miguu na fito, na mtoto alikuwa karibu nao kiasi cha kunyoosha mkono.

"Walikuwa wamemsimamia, Fundi. Hawakumwona."

Akazunguka raundi moja.

"Maji yanayoficha siyataki. Na mimi, maji yakinifunika macho, namwona yule mtoto. Basi, shona."

Nilishona. Tangu siku hiyo nilipopanda ngazi kuangalia jogoo sikupanda kwa mzaha.

Kisukari kilimfuata macho. Hakusema, nami niliona kwa njia ya ufundi wangu: alianza kukileta kitambaa karibu na pua, akanisifu kwa kijani nilipomletea buluu. Zamani, nikishajibu swali la dirishani, yeye mwenyewe alitoka kuhakikisha. Kisha akaacha kutoka. Nikisema jicho, ilikuwa jicho. Akaja pia kuvimba miguu, pumzi ikawa fupi, na hatimaye moyo wake, aliousema kuwa pampu ya mtumba, ukamlaza hospitalini.

Alikaa huko muda mrefu. Na huku kwetu transfoma ikaungua, umeme ukapotea, pampu ikalala, jua likawaka. Kijani hakungoja kukaribishwa. Safari hii hata sahani yenyewe haikuonekana. Chura alihamia.

Wamathe wakasema Nesi asirudi akute aibu hii. Umeme uliporudi walisugua, wakatia klorini. Kijani akakaa. Wakatia tena. Kijani akawatazama. Ndipo Mama Githeri akapata wazo. Magadi, alisema, huondoa masizi kwenye sufuria ya miaka, na hulainisha hata mahindi makavu yaliyoshindikana. Kijani ni nani ashinde mahindi ya Mau Narok? Akaleta beseni zima la magadi na kulimimina kwa mikono yake miwili. Maji yakageuka uji. Uji wa kijani.

Nilikwenda hospitalini wakati wa kuona wagonjwa. Nesi alikuwa ameegemezwa mito, mikono imevimba, lakini swali lilikuwa lile lile hata kabla sijaketi.

"Jogoo anaonekana?"

"Haonekani, Nesi. Hata sahani haionekani."

Akafumba macho. "Nani ameweka nini?"

"Mama Githeri ameweka magadi."

Kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka kuita muuguzi. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaanza kucheka bila kujua anacheka nini.

"Fundi, mboga mnatia magadi kwa nini?"

"Ziive haraka."

"Na nini tena?"

"Zikae kijani."

"Haya!" akasema, akijifuta machozi. "Si amepata alichopika?"

Kisha akatulia, na akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: akaeleza. Maji ya kisima katika bonde hili, alisema, tayari yana magadi ndani yake, tangu kuumbwa kwa ardhi. Magadi yakizidi, klorini inalala usingizi, unaweza kumwaga ndoo nzima na Kijani akakuchekea. Ule unga mweupe, ile "tunashusha" ya kila mara, ilikuwa ya kushusha magadi ili dawa iamke. Akaniambia unga huo uko kabati gani, niyeyushe kiasi gani, nipime kila baada ya kutia, nisikimbie.

"Na usimgombeze Mama Githeri. Kosa ni yangu. Miaka yote nawaambia tunashusha, tunashusha, sijawahi kuwaambia tunashusha nini."

Halafu akanishika mkono. "Wananiruhusu niende nyumbani. Najua wanachomaanisha wakituruhusu hivi, nimeruhusu wengi. Kwa ardhi siwezi kutembea tena, Fundi. Kwa maji naweza. Nataka kutembea mara moja tu bila kubebwa."

"Na daktari?"

"Daktari amesema nisichoke. Hakusema nisilowe."

Nilirudi Bondeni kama niliyebeba moto. Tulishusha, tukapima, tukashusha tena, mpaka rangi ya karatasi ikakubali. Mama Githeri alisugua kuta kama mtu anayetubu, akikataa kupokewa brashi. Jioni tukatia klorini, na safari hii klorini ilikuwa macho. Kulipokucha bwawa lilikuwa kijivu tupu, na wamathe waliimba: "Maiti! Maiti!" Mgeni angepita hapo angekimbia.

Nesi aliletwa Jumamosi mchana. Wanaume wawili walimbeba akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, amejifunga leso, amepungua usoni na kuongezeka miguuni. Wakamweka kando ya ngazi. Wamathe wote walikuwa wamejipanga, na hata kabla hajafungua mdomo wakamwambia:

"Anaonekana, Nesi! Wote tumemwona!"

"Jicho?"

"Jicho kabisa! Linakutazama!"

Alitabasamu. "Na Fundi anasemaje?"

Nilipanda ngazi. Niliuona mkia. Nilikiona kilemba, niliuona mdomo wa njano. Lakini juu ya jogoo kulikuwa bado na utandu mwembamba kama pumzi kwenye kioo, na pale palipotakiwa kuwa na jicho palikuwa peupe. Mama Githeri, aliyesimama nyuma yangu, alinifinya mguu kwa nguvu. Nilielewa. Nesi asingejua. Macho yake yasingefika hata kwenye sahani. Na sote tulisikia jinsi anavyopumua, na hakuna aliyekuwa na hakika ya kesho.

"Mdomo naona," nikasema. "Jicho sioni."

Mtu mmoja nyuma akasema chini kwa chini, "Aki huyu Fundi hana roho."

Nesi akapiga mkono wa kiti kofi kubwa.

"Mmesikia? Huyo ndiye ako kazini! Basi hatuingii!"

Na uso wake, jamani, ulikuwa kama wa bibi harusi. Hapo hapo akaanza: dawa imetosha, hakuna kuongeza, iliyobaki ni maiti tu, zikeni. Chujio lioshwe. Wewe shika mpira, wewe zuia ule mwisho wa mtaroni, fyonza polepole usitibue. Hamfyonzi supu! Alikaa kwenye kiti kile mpaka jua likazama nyuma ya mabati, akitoa amri kwa pumzi fupi fupi, na safari hii kila amri aliifuatisha na sababu yake, na Mama Githeri alizirudia kwa sauti kama mtoto wa shule ya Jumapili. Mimi niliosha chujio. Nilikuwa nikiomba kimoyomoyo kwamba nisiwe nimemnyima kitu ambacho kesho haitaweza kumrudishia.

Asubuhi nilikuwa barazani kabla ya ndege. Dirisha lilikaa limefungwa. Nikatazama. Likakaa limefungwa. Nilikuwa tayari nimeinuka kwenda kugonga mlango wake liliposukumwa kidogo, kwa mkono wa binti wa jirani aliyelala kwake kumwangalia, na kutoka kitandani ndani kabisa ikaja sauti, nyembamba, lakini ile ile:

"Jogoo anaonekana?"

Sikupanda ngazi, niliiparamia. Maji yalikuwa kama hayapo. Chini yake sahani nyeupe, ukingo wa buluu, kilemba, mdomo, na pale, dogo, jeusi, kali, likinitazama bila aibu, jicho.

Mimi si mtu wa kelele. Nilipiga kelele. "Jicho! Nesi, jicho! Jicho!" Milango ikafunguka mistari yote miwili. Watu waliokuwa wamevalia kanisa wakatoka na Biblia zao na hawakuenda popote.

Karatasi ya kupimia ilikubali rangi zote. Tulimvalisha gauni la zambarau, lile la kwanza, ambalo nilikuwa nimelirekebisha kwapa na kulihifadhi. Mama Githeri aliingia majini kwanza, akanyoosha mikono, nasi tukamshusha Nesi hatua kwa hatua. Maji yalipomfika kifuani, uzito ukamtoka. Tuliuona ukimtoka. Alishika ukingo, akasukuma mkono wa Mama Githeri, akaanza kutembea.

Alitembea raundi nzima, peke yake, kidevu juu, akisalimia watu kwa jina kutokana na sauti zao. Watu walipiga makofi kwa kufuata hatua zake. Kisha akaiacha ile fremu, akaenda katikati, akapapasa chini kwa mguu mpaka dole gumba likaigusa sahani.

"Fundi."

"Nipo, Nesi."

"Huyu jogoo sijamwona siku nyingi. Nilikuwa naazima macho yako."

"Najua, Nesi."

"Najua unajua." Akageuka kwa Mama Githeri. "Nishike hapa kwa mkono. Usiniachilie mpaka nikufinye."

Akavuta pumzi, kadiri pampu ile ya mtumba ilivyomruhusu. Akainama. Akatia uso majini. Maji yakamfunika mashavu, yakamfunika masikio, yakakutana juu ya kisogo chake chenye mvi, akashuka mpaka pua ikaikaribia sahani, na gauni la zambarau likaelea mgongoni mwake bila kumbana popote. Kutoka kwenye ngazi nilimwona wazi mpaka kucha za miguu.

Akainuka, maji yakimtiririka machoni, na hakuyafuta.

"Ana jicho!" akapiga kelele. "Fundi, ana jicho kweli! Na anavyoniangalia, utadhani nimemwibia mayai!"

Tulicheka sote, na Mama Githeri akanyoosha mkono wa pili kumrudisha kwenye ngazi. Lakini Nesi alikuwa ameshavuta pumzi nyingine, na kabla hatujamwahi akarudi chini kumwangalia tena.